Risasi ya kuwindia mbali: Kwa nini spidi kwenye boksi haitoshi

Ukiingia duka la silaha kwenye majimbo ya magharibi mwa Marekani kama Colorado, Idaho au Wyoming, utakuta rafu nzima ya maboksi ya risasi. Kila boksi lina namba, na namba inayovuta macho haraka ni ya spidi: mita 820 kwa sekunde, 900, 930.

Mwindaji mpya huona jibu ni rahisi, achukue yenye kasi kuliko zote. Lakini namba ile hupimwa risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, wakati mnyama yuko mita 300 au 400 mbele. Ukikosea kuchagua, unaweza kumjeruhi mnyama akakimbilia msituni na kufia mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Kasi inasaidia nini?

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, baruti, fataki inayowasha baruti, na kichwa kinachoruka. Kichwa kikishatoka tu kwenye mtutu, kinaanza kuvutwa chini na mvutano wa dunia.

Kikiwa angani kwa sekunde 0.64 kinashuka karibu mita 2 kutoka mstari wa mtutu. Kikichukua sekunde 0.8, kinashuka karibu mita 3. Kwa hiyo kadiri kinavyowahi kufika ndivyo kinavyoshuka kidogo, na makosa ya kukadiria umbali yanapungua madhara.

Hiyo ndiyo faida ya spidi, na ni faida ya kweli. Ila kuna kitu kingine njiani: hewa.

Kasi ya kutoka na kasi ya kufika

Chukua risasi mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni .270 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, yenye kichwa cha kawaida cha gramu 8.4. Inatoka na spidi ya mita 933 kwa sekunde. Ya pili ni 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, kichwa chembamba na kirefu cha gramu 9.3, inayotoka na mita 823 tu.

Kwenye boksi, ya kwanza imeshinda kwa mbali. Lakini kichwa chake kifupi kinapambana zaidi na hewa, na hivi ndivyo mambo yanavyobadilika:

• Zikifika mita 275, spidi zao zinakaribiana sana.
• Zikifika mita 457, yaani yadi 500, .270 imebaki na karibu mita 550 kwa sekunde. Creedmoor bado ina karibu 620.
• Muda wa kufika hapo ni karibu sawa, sekunde 0.64 kila moja.
• Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .270 karibu sentimita 65 pembeni. Creedmoor inasukumwa karibu sentimita 40.

Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa huko ina upana wa kama sentimita 20 hadi 25. Sentimita 65 ni kumkosa kabisa au, mbaya zaidi, kumpiga tumboni.

Hii haina maana kwamba .270 ni mbovu. Ukiiwekea kichwa chenye umbo zuri zaidi, pengo linapungua. Kinachopimwa hapa ni uwezo wa kichwa kupasua hewa, na watengenezaji huutolea namba yake. Namba hiyo ikiwa kubwa, kichwa kinatunza spidi vizuri. Isome pamoja na spidi, usiangalie moja ukaacha nyingine.

Mtutu nao una masharti

Kwa nini basi watu wasiweke tu vichwa virefu kwenye kila bunduki? Kwa sababu ndani ya mtutu kuna mifereji inayokizungusha kichwa ili kisiyumbe angani. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi.

Raifo nyingi za .270 hukizungusha mara moja kila inchi 10. Za 6.5 Creedmoor kwa kawaida ni kila inchi 8. Ndiyo maana mwaka 2021 ilitoka 6.8 Western, yenye kipenyo kile kile cha .270 lakini kwa mitutu inayozungusha haraka na vichwa vizito zaidi.

Kabla ya kununua boksi, uliza mtutu wako unazungusha kwa kiwango gani.

Kikifika kinafanya nini?

Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa kutanuka kikiingia mwilini ili mnyama afe haraka. Spidi ikiwa ndogo mno, hakitanuki, kinapita tu kama msumari. Kwa vichwa vingi, kiwango cha chini kinachotajwa ni karibu mita 550 kwa sekunde. Ile .270 yetu ya yadi 500 imefika mpakani kabisa.

Spidi ikizidi nayo ni shida. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda mnyama aina ya moose huko British Columbia, Kanada, akitumia .300 H&H Magnum. Vichwa vyake vilikuwa na kasi kubwa kiasi kwamba vilivunjika mapema bila kupenya vya kutosha. Akaenda kutengeneza kichwa chenye ukuta katikati: mbele kinatanuka, nyuma kinabaki kizima. Kampuni ya Nosler ilianzia hapo.

California imepiga marufuku vichwa vya risasi vyenye madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Mbadala mkubwa ni shaba. Kichwa cha shaba ni kigumu, hivyo kwa kawaida kinahitaji spidi zaidi ili kitanuke. Anayetumia shaba apunguze umbali wake.

Gharama ya spidi

Spidi zaidi inataka baruti zaidi, na baruti inarudisha teke begani. Kwa bunduki za uzito sawa, teke la .300 Winchester Magnum ni karibu mara mbili ya 6.5 Creedmoor. Mpigaji akianza kuogopa teke, anafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa nguvu. Hapo spidi haina msaada tena.

Mtutu nao unalika. Magnum zenye baruti nyingi kwenye tundu jembamba huchoma mtutu mapema kuliko risasi za wastani.

Zinazotajwa zaidi

• 7mm Remington Magnum (1962): kasi nzuri, inapatikana madukani kirahisi.
• .300 Winchester Magnum (1963): nguvu kubwa kwa elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, lakini teke lake si mchezo.
• 6.5 Creedmoor (2007): teke dogo, rahisi kufanyia mazoezi, nguvu kidogo kwa elki wa mbali.
• 6.5 PRC (2018): vichwa vile vile vya Creedmoor, ila vinatoka na karibu mita 900 kwa sekunde.
• 7mm PRC (2022): kichwa cha gramu 11.3 kwa karibu mita 914 kwa sekunde.

Sheria zinasemaje?

Colorado inataka raifo ya kuwindia wanyama wakubwa iwe na kipenyo kisichopungua milimita 6. Kichwa kiwe cha kutanuka, gramu 4.5 kwa kulungu na gramu 5.5 kwa elki, kikiwa na nguvu ya angalau jouli 1,356 kwenye yadi 100. Idaho hairuhusu raifo inayozidi kilo 7.3 pamoja na darubini yake.

Kwa Afrika Mashariki hali ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inauruhusu, lakini kwa leseni tu.

Umbali wako ni upi?

Kuna jambo moja ambalo hakuna risasi inayolimaliza. Ndani ya zile sekunde 0.64, mnyama anayetembea taratibu anasogea karibu sentimita 80. Umelenga moyo, kichwa kinafika tumboni.

Ndiyo sababu Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, kinatahadharisha kuhusu kupiga kutoka mbali kwa ajili tu ya kujaribu uwezo wa bunduki.

Kwa hiyo anza na mnyama unayemfuata, kisha kichwa kinachomfaa, kisha teke unaloweza kulihimili, na spidi ije mwisho. Halafu nenda uwanja wa shabaha siku yenye upepo. Umbali ambao risasi zako zote zinaangukia ndani ya duara la sentimita 20 ndio umbali wako. Ukimwona mnyama nje ya hapo, msogelee au muache aende.