Tembe ya Kwihara: Nyumba Iliyobaki na Jina la Mgeni

Wasomaji wetu waliokwisha kufika Tabora kwa garimoshi wanaujua mji ule kwa stesheni yake na kwa miembe yake. Kilomita chache kutoka hapo, katika kijiji cha Kwihara, iko nyumba ya udongo yenye dari bapa, baraza pana mbele na ua katikati. Leo ni makumbusho, na jina lake ni Tembe ya Livingstone. Tumeona ni wajibu wetu kuiandikia tarikhi yake kwa ufupi, kwani jina lile ni la mgeni aliyekaa miezi sita tu.

Katikati ya karne ya 19 nchi ya Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Barabara moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wazee wetu kutoka Oman na Unguja walijenga huko, wengi wao wakiwa Waharthi wa Sharqiya. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, walipokelewa na Sheikh Snay bin Amir. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim Al-Lamki, ambaye baadaye akawa liwali wa Unyanyembe.

Ni huyu Said bin Salim aliyemkaribisha Henry Stanley Kwihara mwezi wa Juni 1871. Waarabu walikuwa wamo vitani na Mirambo, na mwezi wa Agosti mwaka huo Tabora ikachomwa moto na Sheikh Khamis bin Abdulla akauawa. Stanley aliigeuza nyumba kuwa ngome, akatoboa kuta kwa ajili ya bunduki. Februari 1872 alirudi kutoka Ujiji pamoja na Livingstone. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi 57 kutoka pwani, hata akasafiri mwezi wa Agosti. Mwaka wa pili yake Susi na Chuma walipita Kwihara wakiichukua maiti yake kuelekea Bagamoyo.

Basi nyumba hii ni ya nani? Ni wepesi kwetu kusema kuwa ni yetu, tukamaliza. Lakini insafu haituruhusu kusimama hapo. Tembe si ujenzi wa Maskati. Ni ujenzi wa watu wa bara, na wazee wetu waliuiga wakauongezea mabaraza na milango yao. Ardhi ilikuwa ya mtemi wa Wanyanyembe, na waliokaa walikaa kwa idhini yake, kwa biashara na kwa ndoa: Muhammad bin Juma Al-Murjebi, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Pembe zilizojaa katika vyumba vile zilibebwa kwa mabega ya Wanyamwezi. Na pamoja na pembe walipita watumwa. Hatuwezi kulidai jina la nyumba tukawaacha hao nje ya mlango.

Reli ndiyo iliyofunga kitabu cha misafara. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyomchukua Stanley miezi mitatu kutoka pwani ikawa ya siku chache. Biashara ikahamia penye stesheni, na mwaka 1928 njia ya Mwanza ikaifanya Tabora makutano ya reli. Kwihara ikabaki kando, kimya. Nyumba nyingine za zama zile zilirejea udongoni. Hii ilibakia kwa sababu ya yule mgeni, na hilo tulikiri kwa shukurani.

Katika nyumba za Maskati, Ibra, Dubai na London zimo bado sandukuni barua na hati za deni zilizoandikwa Unyanyembe kwa hati za Kiarabu. Wanaoweza kuzisoma wanapungua kila mwaka. Tunaziomba jamaa zetu zisizitupe. Zipigwe picha, zisomwe, zitafsiriwe, ili anayeingia Kwihara apate kusoma pia majina ya wenyeji waliomfungulia mgeni mlango, na ya waliobeba mizigo.