Kibo: baridi, barafu na mawe yanayoshuka

Kwetu Kakonko barafu tunaijua ya aina mbili: ile ya kwenye friji, na ile ya mvua ya mawe inayochana majani ya migomba na kumwachia mkulima hasara. Theluji ni mambo ya vitabuni. Ukimwambia mtu wa huku kwamba kuna Watanzania wenzake ambao kazi yao ni kubeba mizigo ya watu wengine chini ya ukuta wa mawe yaliyoshikwa na barafu, huku wakimwomba Mungu yasiachie, atadhani unamsimulia habari za Uswisi.

Sasa twende kwenye historia, maana mlima huu tumeufanya picha ya kwenye chupa ya bia na kalenda, tukasahau kwamba unaua. Na umeanza kuua zamani, kabla hajaja Mzungu yeyote wa kuandika.

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alimuuliza kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, kile cheupe kule juu ni nini. Jibu alilopewa ni neno moja tu: baridi. Mimi nalipenda sana jibu hilo. Halina jina la kitu, lina kile ambacho kitu hicho humfanyia mtu.

Rebmann alisimuliwa pia kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma kundi kubwa la watu kwenda kuchunguza kile cheupe. Alitumaini kingekuwa fedha au kitu cha aina hiyo. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, imepinda kwa ndani. Wenzake walikufa kwa baridi na kwa hofu, kwa sababu waliona kwamba wamevamiwa na mizimu wakakimbia hovyo. Kiongozi wa Rebmann alisema alimwona mtu huyo kwa macho yake na kuisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake. Johannes Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, aliichapisha habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1860. Kwa hesabu yangu hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya kupanda mlima iliyoandikwa katika nchi yetu, na waliokufa walikuwa Wachagga waliotumwa na mkubwa wao. Hakuna mnara wowote wa kuwakumbuka ambao nimewahi kuusikia.

Wakati huo huko London, mtaalamu mmoja wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alibisha kabisa: theluji karibu na ikweta haiwezekani, Rebmann ameona vibaya. Aliendelea kubisha kwa miaka. Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda mwaka 1861 na tena 1862 akathibitisha kwamba theluji ipo, na Charles New akaifikia mwaka 1871. Wapo wataalamu wa namna hiyo hata leo, lakini tusiingie huko.

Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo, akasimamishwa na ukuta wa barafu. Akarudi mwaka 1889 na mpanda milima kutoka Austria, Ludwig Purtscheller. Walichonga ngazi kwenye barafu kwa mashoka, hatua moja baada ya nyingine. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta wakiwa hoi, ikabidi wateremke. Tarehe 6 wakafika kileleni. Wachagga wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaongoza, na mwaka 1989, mlima uliposherehekewa kwa kutimiza miaka 100 tangu upandwe, ndiye aliyepewa heshima hiyo. Watu wanabishana kuhusu miaka yake na kuhusu alifika wapi. Lisilo na ubishi ni kwamba njia ileile ya barafu aliyopitia Meyer, ukienda leo, sehemu kubwa utaikuta ni changarawe na mwamba mtupu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuuliza: je, Kilimanjaro kuna maporomoko ya theluji kama yale ya Ulaya?

Ya namna ile ni nadra. Kule Alps theluji hurundikana miezi mingi ya majira ya baridi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja la chini likiwa dhaifu, mzigo wote wa juu huteleza kwa mpigo na kufukia chochote kilicho mbele yake. Kibo iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Haina majira ya baridi. Theluji huanguka zaidi wakati wa masika na vuli, na mara nyingi jua huimaliza kabla haijarundikana vya kutosha. Lakini kule juu kila usiku ni kipupwe na kila mchana ni kiangazi. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka. Kesho vilevile. Barafu inakuwa kama saruji inayoshika mawe pamoja, ila ni saruji inayoyeyuka. Ndiyo maana kinachoporomoka kwetu ni mawe.

Na mahali pabaya kuliko pote panajulikana: upande wa magharibi, ambako ukingo wa kreta umebomoka. Wapandaji wanapaita Western Breach. Jirani yake upo ukuta mrefu wa mwamba na barafu, ambao Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda moja kwa moja mwaka 1978. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Mmarekani Rob Taylor alianguka kwenye barafu inayoning'inia katika ukuta huo, akavunjika kifundo cha mguu. Mwenzake, Henry Barber, aliteremka kutafuta msaada, na Taylor akasubiri peke yake kwa siku kadhaa hadi alipookolewa. Baadaye aliandika kitabu.

Hao walikuwa mabingwa waliojua wanachokitafuta. Western Breach ni tofauti, kwa sababu wanaopita pale ni watalii wa kawaida na wapagazi wao. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliachia juu ya njia hiyo. Wamarekani watatu walikufa na watu wengine wakajeruhiwa, wapagazi wa Kitanzania wakiwemo. Njia ikafungwa. Uchunguzi ulieleza kwamba mawe yale yalikuwa yameshikiliwa na barafu, na barafu ilipoyeyuka yakabaki hayana kitu cha kuyazuia. Mwishoni mwa 2007 njia ilifunguliwa tena. Septemba 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine palepale.

Haki itendeke: wengi wanaofia Kilimanjaro hawauawi na mawe. Huuawa na ugonjwa wa kimo, mapafu au ubongo kujaa maji kwa sababu ya kupanda haraka mno. Lakini mtu anaweza kuujua ugonjwa wa kimo mapema, akateremka akapona. Jiwe halitoi nafasi hiyo. Unachoweza kufanya ni kuvaa helmeti, kuondoka kambini usiku wa manane wakati barafu bado imekaza, na kuhakikisha umeingia kreta kabla jua halijaufikia ukuta.

Barafu yenyewe inaisha. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Mwaka 2002 mwanasayansi Lonnie Thompson na wenzake walitabiri kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo, ila mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Watu huizungumzia habari hii kama habari ya uzuri unaopotea na watalii watakaopungua. Sawa. Lakini kabla haijaisha, kila kipande kinachorudi nyuma kinayaacha wazi mawe kiliyokuwa kimeyashika kwa karne nyingi, na chini yake watu wanapita.

Ndiyo maana baadhi ya kampuni zimeacha kabisa kupeleka wageni Western Breach. Nyingine bado zinaiuza, tena kwa bei nzuri, kama njia ya wajasiri. Mgeni anayeinunua amechagua mwenyewe, amesoma, ana bima na huenda ana helmeti nzuri. Mpagazi aliye nyuma yake na mzigo wa kilo 20 hakuichagua njia, amepangiwa. Nani anamnunulia helmeti? Nani anamlipia bima? Waha tunalielewa swali hilo vizuri. Enzi za mkoloni Kasulu na Kibondo (Kakonko ilikuwa ndani ya Kibondo hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012) ndiko walikochotwa manamba wa kwenda kwenye mkonge Tanga, na hao nao walipangiwa.

Tangu 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kama KPAP, unaowaazima nguo za baridi na kufuatilia malipo yao. Habari ya malipo hayo ni ndefu na inataka makala yake yenyewe. Nitaileta.