Mwembe wa Baba

Baba alipofariki alituachia nyumba Ujiji na mwembe mmoja uani. Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, nilishika panga nikaupogoa mwembe ule pande zote ili upendeze. Nikautia samadi, nikaumwagilia maji kila jioni. Ukatoa majani mengi mazuri, lakini maua hayakuonekana. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mama hakunilaumu. Alitoka asubuhi, akatazama juu, akarudi ndani.

Nilimwendea jirani yetu, mzee mkulima, nikamwamkia na kumweleza.

"Mwanangu," akasema, "umeyakata maua yenyewe."

Akanifahamisha kwamba mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na kwamba kabla ya kuchanua hutaka kuonja ukavu na ubaridi wa kiangazi. Mimi niliukata ncha, kisha nikaunyima kiangazi chake. Anayetaka kupogoa na apogoe mara baada ya kuvuna. Sasa dawa ni kuuacha.

Katika kungoja huko nikaanza kuitazama miembe ya mji wetu kwa jicho jingine. Asili ya mwembe ni Bara Hindi. Ulivuka bahari ukafika pwani, kisha ukaingia bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi ziwani Tanganyika. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Majina ya waliopita chini ya vivuli vile wakiwa katika minyororo hatuyajui. Mwembe unaotajwa vitabuni ni ule ambao husemwa kuwa Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871.

Mwembe huo ulikwisha kufa. Iliyopo leo penye mnara ni miwili, na huelezwa kuwa ilitokana na vikonyo vya ule wa zamani, vilivyobebeshwa kwenye miche mingine. Niliposimama pale nililikumbuka panga langu. Chuma kilichounyima mwembe wa baba maua ndicho kilichouokoa ule usipotee. Aliyekata vikonyo alijua anakata nini, na kwa ajili ya nani.

Mwaka wa tatu, katikati ya kiangazi, Mama aliniita uani kwa sauti kubwa. Tawi la upande wa ziwani lilikuwa limechanua. Mengine yalifuata mwaka uliofuata.

Tangu hapo nimejifunza kubebesha. Mche mmoja una kikonyo cha mwembe wa baba. Wa pili una kikonyo cha mwembe mkongwe wa njiani, usio na mnara wala jina. Miembe ya namna hiyo huanguka mmoja mmoja, na hakuna anayeiandika. Nimeipanda yote miwili mahali pamoja, mbali kidogo na panga langu.