imap_open: historia ya msimbo uliotusomea barua pepe

Unapofungua barua pepe kwenye kivinjari, kivinjari chako hakizungumzi na sanduku la barua hata kidogo. Kinazungumza na seva ya wavuti. Seva hiyo ndiyo inayokwenda kubisha hodi kwenye seva ya barua, inachukua barua, inaifungua na kukuandikia ukurasa wa HTML. Leo nataka tumfuatilie mjumbe huyo tujue alitoka wapi, hasa kwa sisi tunaoandika PHP, maana miaka ya karibuni ametuletea kazi.

Itifaki ya POP ilitangazwa mwaka 1984. Ilifanya kazi kama mtu anayekwenda posta na mfuko: anafungua sanduku, anabeba barua zote nyumbani, na kwa kawaida sanduku linabaki tupu. Ilimfaa mwenye kompyuta yake mwenyewe. Aliyesoma leo ofisini na kesho chuoni alibaki na nusu ya barua huku na nusu kule.

Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianzisha IMAP. Yeye aliziacha barua palepale kwenye seva. Programu huuliza tu inachohitaji: zipo ngapi, zimetoka kwa nani, nipe ya saba. Cha kuchekesha ni kwamba herufi I katika jina hilo ilianza kwa maana ya "ya muda", na hadi leo IMAP bado iko nasi! Mwaka 1988 Crispin alihamia Chuo Kikuu cha Washington, na huko ndiko alikoikuza c-client, maktaba ya lugha ya C inayojua kuzungumza IMAP na POP pia.

Tarehe 4 Julai 1996 Hotmail ilifunguliwa, watu wakaanza kusoma barua kwenye kivinjari. Baadaye, hapa Kenya, wengi walisomea barua zao kwenye saiba wakilipia kila dakika. Kwao hakukuwa na njia nyingine ya maana. Kompyuta si yako, utapakuaje barua zako humo uziache?

Waliotengeneza PHP hawakuandika IMAP upya. Waliichukua c-client wakaiunganisha na lugha yao. Kwa hiyo kazi yote ikawa mistari michache: imap_open inafungua sanduku kupitia mlango wa 143, imap_headerinfo inaleta mtumaji na mada, imap_fetchbody inaleta maandishi yenyewe, imap_close inafunga. Kijana mwenye seva ya kukodi aliweza kujijengea Hotmail yake ndogo. SquirrelMail, iliyoanza mwaka 1999, ilipita njia ndefu zaidi: iliandika mazungumzo ya IMAP yenyewe kwa PHP tupu, bila c-client.

Njia fupi ilikuwa na deni ndani yake. c-client ilibeba desturi ya zamani ya kujaribu kuingia kwenye seva ya barua kwa amri ya rsh. Katika Debian na Ubuntu, jina rsh lilielekezwa kwa ssh. Ukimwacha mgeni aandike mwenyewe jina la seva kwenye fomu yako, angeweza kupenyeza chaguo la ssh linaloendesha amri yoyote kwenye mashine yako. Tundu hilo lilisajiliwa kama CVE-2018-19518, na Desemba 2018 PHP ikaizima desturi hiyo isiwake yenyewe.

Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzima neno la siri la kawaida kwa IMAP katika Exchange Online, ikataka OAuth. imap_open haikuijua OAuth. Na nani angeifundisha? Matoleo ya mwisho ya c-client kutoka chuoni yalibeba namba 2007, na Crispin alifariki Desemba 2012. Novemba 2024, PHP 8.4 ilitoka bila imap ndani yake, nayo ikahamishiwa PECL.

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba msimbo wa Crispin ulizeeka, lakini itifaki yake haikuzeeka nao. IMAP iliandikwa hadharani, hatua kwa hatua, kwa hiyo yeyote anaweza kuisoma na kuandika mjumbe mpya bila kumwomba mtu ruhusa. Leo zipo maktaba za PHP tupu zinazofanya hivyo, kwa njia ileile ya SquirrelMail.

Kama unatunza tovuti ya zamani inayosoma barua za wateja, tafuta neno imap_open kwenye faili zako kabla ya kupandisha toleo la PHP. Ukilikuta, angalia mambo mawili: jina la seva linatoka wapi, na nani anaitunza maktaba utakayoiweka badala yake. Haya, kazi kwako.