Kiti cha Malindi: Kutoka kwa Liwali Hadi kwa Mbunge

Tangu Sultani Majid wa Unguja aufufue mji wa Malindi mwaka 1861, aliyeusemea alikuwa liwali, na liwali hakuwa mtu wa kupigiwa kura, aliletwa. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 hawakumwondoa. Walimwachia kilemba na baraza lake, amri wakaishika wao.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Miaka 16 baadaye Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza ukawapa Waarabu wa pwani mjumbe 1 wa kuchaguliwa. Mmoja tu, kuanzia Vanga hadi Lamu! Uingereza yenyewe, hadi 1832, ilikuwa na kilima kitupu kiitwacho Old Sarum, chenye wapiga kura wasiofika 20, na kilipeleka wabunge 2 London. Wakubwa wa siasa ya Waarabu walikuwa Mombasa, Malindi ikafuata nyuma. Mgiriama wa Ganda au Jilore hakuwamo kabisa katika hesabu hiyo. Serikali ilikuwa imekwishamsikia mwaka 1914, enzi ya upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, ikamjibu kwa risasi. Tangu 1924 barazani akasemewa na mmisionari wa Kizungu aliyeteuliwa kwa niaba ya Waafrika wote.

Zamu ya Mgiriama ya kupiga kura ilifika Machi 1957, tena kwa masharti. Elimu, kipato, mali na umri vilipimwa, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura 3 huku jirani yake hana hata moja. Kiti cha Pwani kilichukuliwa na mwalimu Ronald Ngala. Huyu ndiye aliyeubeba wimbo wa majimbo, yaani kila eneo lijitawale, na uchaguzi wa 1963 ulipokwisha akawa rais wa Jimbo la Pwani. Oktoba mwaka huo huo Sultani wa Unguja aliuachia mwambao uwe wa Kenya. Majimbo hayakudumu, mwishoni mwa 1964 Ngala alikivunja chama chake cha KADU na kuingia KANU.

Kwa maoni yangu, tangu hapo Malindi imechezewa zaidi na kalamu ya mipaka kuliko na wanasiasa wake. Palikuwa na majimbo ya uchaguzi ya Malindi Kaskazini na Malindi Kusini. Ilipofika 1988 majina hayo yakafutwa, pakawa na Malindi na Magarini. Mwaka 1996 Malindi ikapewa wilaya yake. Katiba ya 2010 ikairudisha chini ya Kilifi, kaunti yenye majimbo 7 ya uchaguzi, na makao makuu hayakuwa Malindi.

Hata hivyo kiti chenyewe kina thamani. Mbunge wake Dan Kazungu alipoteuliwa waziri, uchaguzi mdogo wa Machi 2016 uliwaleta Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wenyewe kuomba kura, na Willy Mtengo wa ODM akashinda.

Huko Magarini, mwaka 2022 Harrison Kombe alishinda ubunge kwa tofauti ya kura 21. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Mei 2024 ilithibitisha kuwa uchaguzi ule ni batili. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, basi watu wa Mambrui, Gongoni na Marafa wakakaa mwaka mmoja na nusu bila mbunge. Walipiga kura tena tarehe 27 Novemba 2025, wakamrudisha Kombe.