Derivativi ya pili ya milinganyo ya parameta

Derivativi ya pili ya milinganyo ya parameta ni dhana ya kalkulasi inayoonyesha jinsi mteremko wa mchoro unavyobadilika kadiri x inavyobadilika, pale ambapo x na y zimetolewa kila moja kwa kigeu cha tatu, t, kiitwacho parameta. Mara nyingi t ni muda au pembe.

Derivativi ya kwanza hupatikana kwa kugawanya: dy/dx = y′ ÷ x′. Alama ′ ina maana ya derivativi kwa kufuata t, na x′ isiwe sifuri.

Kosa la kawaida la wanafunzi huanzia hapo: hudhani ya pili ni y″ ÷ x″. Sivyo. Mteremko uliopatikana hutegemea t, kwa hiyo hutafutwa kwanza derivativi yake kwa kufuata t, kisha jibu hugawanywa tena kwa x′. Ikifanywa hivyo kwa herufi tupu, hupatikana:

d²y/dx² = (x′y″ − y′x″) ÷ (x′)³

Si lazima kuikariri fomula hii. Hatua mbili zilizotangulia zinatosha.

Mfano: sikloidi

Alama ya chaki kwenye ukingo wa gurudumu la baiskeli linalobingirika kwenye barabara tambarare huchora sikloidi. Galileo ndiye aliyeipa jina hilo, na mwaka 1673 Christiaan Huygens alichapisha matumizi yake katika saa za pendulamu. Kama nusukipenyo ni r:

x = r(t − sin t)
y = r(1 − cos t)

Hivyo x′ = r(1 − cos t), y′ = r sin t, na

dy/dx = sin t ÷ (1 − cos t)

Derivativi ya mteremko huu kwa kufuata t, baada ya kutumia sin²t + cos²t = 1, ni −1 ÷ (1 − cos t). Ikigawanywa kwa x′:

d²y/dx² = −1 ÷ [r(1 − cos t)²]

Jibu ni hasi daima, nalo linaafiki mchoro: kila tao limepinda kuelekea chini. Njia ya makosa ingetoa cos t ÷ sin t, ambayo ni chanya t ikiwa 45°, kana kwamba tao limepinda kuelekea juu. Tena jibu hilo halina r kabisa, ingawa gurudumu dogo hupinda njia yake kwa ukali zaidi kuliko kubwa.

Alama inapogusa barabara (t = 0, 360° na kuendelea), x′ ni sifuri. Hapo mchoro una ncha kali na derivativi hizi hazipo.