Somo la Dini ni Haki ya Nani? Hoja kutoka Shule za Msingi za Masisi na Walikale

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja nchi, katika Ibara ya kwanza kabisa, kuwa dola isiyofungamana na dini. Ibara ya 45 inaziruhusu shule za taifa, zikishirikiana na viongozi wa dini, kuwapa wanafunzi wadogo elimu inayolingana na imani yao pale wazazi wanapoomba. Mwenye kuomba ni mzazi. Haki hiyo hakupewa padri, hakupewa mchungaji, wala haikuandikwa kwa jina la anayesimamia shule. Hata hivyo, katika wilaya za Masisi na Walikale, mashariki ya nchi, mtoto hufundishwa kwa kawaida dini ya kanisa ambalo jina lake limeandikwa kwenye kibao cha shule.

Sababu iko wazi kwa yeyote anayeijua Walikale. Ndani ya msitu, shule ya karibu ndiyo shule pekee. Ikiwa ni ya Wabaptisti, mtoto wa Mkatoliki atakwenda hapo hapo. Ikiwa ni ya Wakatoliki, mtoto wa Mpentekoste wa jumuiya ya makanisa ya CEPAC hana pengine pa kwenda, na wa Mwislamu vilevile. Masisi, kuhama kwa watu kila vita vinapozuka kumewachanganya watoto zaidi. Mtoto wa Kiadventista husoma katika nchi ambayo shule zake nyingi hufundisha hata Jumamosi, naye kutokuwapo kwake siku hiyo huhesabiwa utoro na wenzake ambao hawajaambiwa kamwe Sabato ni nini kwake. Kumwambia mzazi wa hapa kwamba ana hiari ya kuchagua ni kumpa haki isiyo na mahali pa kutumika.

Ninachokitetea ni hiki: kipindi cha dini katika shule ya msingi kiwe cha kujifunza juu ya imani na mitazamo ya watu wote wanaoishi hapa, ikiwemo ya mababu na ya wasiofuata dini yoyote. Katekisimu na madrasa vibaki mahali pake, kanisani na msikitini, vikiwa na heshima yake kamili.

Makanisa yana sababu za kuhofia. Yalijenga shule hizi. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo uliwapa wamisionari wa Kikatoliki ardhi kwa sharti la kufundisha, nao Waprotestanti walingoja hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kupata ruzuku ya ukoloni. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, Rais Mobutu alizitwaa shule na kuweka itikadi ya chama chake mahali pa somo la dini. Ilipofika mwaka 1977 serikali ilizirudisha kwa mkataba mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Mchungaji anayekumbuka miaka ile akisikia habari za mitazamo isiyo ya kidini, husikia chama kikirudi kwa jina jingine. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini kosa la Mobutu lilikuwa kulifuta fundisho moja ili alazimishe lingine, na tiba yake haiwezi kuwa kulazimisha lile la kwanza.

Tena, watoto wa hapa wana urithi ambao somo la sasa huupita kimya. Kati ya Januari na Mei 1944, Masisi na Lubutu ziliwaka maasi yaliyoongozwa na Bushiri Lungundu, Mkumu aliyehubiri Kitawala. Mafundisho hayo yalitokana na maandishi ya Watch Tower, yakapita Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, na kila yalipofika watu waliyafasiri kwa mateso yao wenyewe. Huku yaliwakuta watu waliochoshwa na kazi za shuruti za miaka ya vita. Yakawaahidi mwisho wa utawala wa Mzungu. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa askari, magereza na kambi za uhamisho. Waumini wa Kitawala wapo hadi leo mashariki ya Kongo, na watoto wao huketi katika madarasa ambamo imani ya wazazi wao, ikitajwa, hutajwa kama uasi au upotovu. Sijui mwalimu atafundishaje historia ya Masisi kwa haki akiiacha habari hii.

Wanyanga wa Walikale nao wana utenzi wa Mwindo. Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Shekarisi Rureke, akauchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu wa Kinyanga. Mwindo hushuka kwa Muisa, mungu wa kuzimu, na baadaye hupandishwa mbinguni na Nkuba, mungu wa radi, akafunzwe unyenyekevu kwa sababu amemuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba. Hapa mtoto wa darasa la tano anakutana na swali zito la maadili: shujaa anawajibika kwa nani? Chuo kikuu cha Marekani kinaweza kulijadili swali hilo, na mtoto wa Walikale amalize shule akiamini kwamba kwao hapakuwa na fikra kabla ya misheni. Hilo linaniuma.

Kuhusu wasio na dini, huambiwa ni jambo la Ulaya. Kweli, wanaojitangaza hivyo hapa ni wachache. Lakini Ebola ya 2018 hadi 2020 ilipofika Pinga, Walikale, familia zilihitaji kupima maelezo tofauti ya ugonjwa: virusi, uchawi, adhabu ya Mungu. Mtoto anastahili kujua kwamba wako watu wanaoueleza ulimwengu kwa maumbile peke yake, na kwamba wako waumini wengi wanaosali na kukubali chanjo siku hiyo hiyo.

Sidai kwamba kipindi hiki kitanyamazisha bunduki. Vita vilivyoanzia Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 vilihusu ardhi, uraia na madaraka, na katekisimu ya pamoja isingevizuia. Dai langu ni dogo zaidi, nalo linatosha: shule isimfundishe mtoto kuionea aibu nyumba aliyotoka. Afrika Kusini ilitenganisha mambo haya mawili katika sera yake ya mwaka 2003. Kufundisha juu ya dini zote ni kazi ya shule ya umma, na kumlea mtoto katika imani moja ni kazi ya nyumbani na ya jumuiya ya waumini.

Huku tunaweza kuanza na darasa la tano na la sita. Waratibu wa shule za makanisa waliopo Goma waandike pamoja mada chache kwa Kiswahili, na mwalimu afunzwe kueleza Mwislamu husali vipi au Mwadventista hupumzika lini bila kuhukumu, hata kama yeye mwenyewe ni shemasi. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya umma inatolewa bure, na mshahara wa mwalimu huyo unapaswa kutoka kwenye hazina ya taifa, inayojazwa na kodi za wazazi wa imani zote.